Normandie ya karatasi ngumu, kutoka duka moja la Bukavu

Kwa dola 40 nilizolipa katika duka la vifaa vya shule pale Nyawera, nilipata sanduku lenye vipande vya karatasi ngumu vya kuundia meli ya kifahari ya Ufaransa, Normandie. Baada ya jioni tisa za kukata na kubandika pamoja na mpwa wangu wa miaka 12, naona kwamba aliyevichora vipande aliipenda meli hiyo, ila aliyeandika kijitabu chake hakuitendea haki.

Uzuri wa kazi uko omoni. Vladimir Yourkevitch, mhandisi mzaliwa wa Urusi, ndiye aliyeliumba umbo lile la kupasua maji, na mwaka 1935, katika safari yake ya kwanza, meli hiyo yenye urefu wa mita 313 ilivuka Bahari ya Atlantiki kuelekea New York kwa siku 4 na saa 3 hivi, ikatwaa sifa ya kasi kuliko zote. Karatasi imelifuata umbo hilo bila kukunjamana. Ukiinua sitaha unaona hata ukumbi wa chakula, ambao ulikuwa mrefu kuliko Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, Ufaransa, na, kwa kukosa madirisha, uliangazwa na taa za vioo vya Lalique, fundi mashuhuri wa vioo wa Ufaransa. Dohani zote 3 zipo. Mpwa wangu aliuliza, «Mjomba, hii ya tatu ni ya nini kama haitoi moshi?» Nikamjibu kuwa iliwekwa hasa kwa ajili ya sura.

Kijitabu chenyewe kinasema tu kwamba meli «iliangamizwa na vita», na hapo ndipo ninapolalamika. Tangu Agosti 1939 Normandie ilikuwa imefungwa gatini New York. Desemba 1941 Marekani ikaichukua, ikaipa jina Lafayette na kuanza kuigeuza iwe ya kubebea askari. Tarehe 9 Februari 1942, cheche za moto wa kukatia chuma ziliangukia makoti ya kuokolea yaliyojazwa sufi, na ukumbi wa mapumziko ukawaka. Wazima-moto walimwaga maji mengi mno kutoka upande mmoja, yakatuama sitaha za juu, meli ikaanza kulalia ubavu. Yourkevitch mwenyewe alifika gatini akashauri wafungue vali za chini ili meli ikae wima juu ya tope, kwa kuwa kina kilikuwa kifupi, ila wakuu wa jeshi la majini wakamkatalia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 ikapinduka. Sisi tunaopanda meli kwenda Goma tunajua maana ya chombo kilichoanza kulala upande, na msomaji wa hapa angeyaelewa hayo upesi.

Gundi iliyomo sandukuni imekauka. Nunueni nyingine sokoni. Mama mwenye duka amenikubalia niandike habari hizi katika ukurasa mmoja, naye ameuweka ndani ya masanduku matatu yaliyobaki.