Kuzidisha: Kukariri Tebo au Kupanga Vizibo?

Mtoto wa darasa la tatu anapoanza kuzidisha, wazazi wengi huulizana kama akariri tebo kwanza au apange makundi ya vizibo vya soda. Kwa gharama hakuna tofauti kubwa, ingawa vizibo huishia chini ya kochi na kutafutwa upya kila wiki. Kwa kasi, kukariri kunashinda: anayejua papo hapo kwamba 7 × 8 ni 56 hakwami katikati ya kugawanya kwa njia ndefu, ambako kila hatua hudai zao (jibu la kuzidisha) jingine. Kwa uimara, vizibo vinaongoza, kwa kuwa aliyezoea kupanga safu 7 za vizibo 8, hata akisahau jibu, ataanza na 7 × 7, yaani 49, kisha ataongeza kizibo kimoja kwa kila safu. Tena atakuwa ameona kwamba 8 × 7 ni kitu kilekile, hivyo kati ya mazao 100 ya tebo ya 1 hadi ya 10 hubaki 55 tu ya kukariri. Kwa mtoto anayehesabu bado kwa vidole, ningeanza na vizibo. Kwa wa darasa la tano anayeelewa lakini anachelewa, dakika 10 za tebo kila jioni zitamfaa zaidi.