Maadili: ufuate Kanisa au ujipimie mwenyewe?

Huu ubishi kijiweni kwetu Kariakoo hauishi, Mkatoliki anasema bila Kanisa kila mtu atajiamulia tu, asiyeamini Mungu anamjibu kwani akili tulipewa ya nini (tulipewa na nani, hapo ndo kelele zinaanza upya).

Kwenye uhakika wa majibu Kanisa linaongoza. Maswali mengi yana jibu kwenye Katekisimu (kitabu cha mafundisho ya Kanisa), na mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa 1870 ulisema Papa akitangaza rasmi fundisho la imani au maadili kwa Kanisa zima hakosei, sio kila anachoongea jamani, hayo mamlaka yametumika mara chache mno. Wasioamini wawili watakupa majibu mawili.

Kwenye kurekebisha makosa asiyeamini anapeta, ukimletea hoja nzito anaweza kubadilika leo leo, wakati Kanisa linaenda mwendo wa kobe, Galileo, mwanasayansi aliyesema dunia inalizunguka jua, kahukumiwa 1633 kosa likaja kukiriwa 1992, adhabu ya kifo ikakataliwa kabisa 2018, ila vidonge na kondomu kupanga uzazi msimamo ni ule ule wa waraka wa Papa wa 1968 unaovikataza, na wanandoa mnajua wenyewe mnavyofanya.

Gharama? Zaka na michango, sawa, lakini ukifiwa jumuiya ndogondogo inafika turubai halijafungwa. Asiyeamini ajipange na majirani.

Unalea watoto na unataka msingi uliokwishajengwa, Kanisa litakufaa. Huwezi kumeza kitu bila kuhoji, benchi litakuchoma. Na wapo kibao wa katikati, Jumapili misa, Jumatatu wanajiamulia.