Uzoefu wangu na vitabu vya historia yetu vilivyoandikwa na wenyewe: Desturi za Waswahili na wenzake

Ukiulizia dukani kitabu kuhusu historia na utamaduni wa Tanzania, mara nyingi utaletewa kile kikubwa cha picha: Kilimanjaro jalada la mbele, Mmasai jalada la nyuma, na katikati kurasa chache zinazorukia kutoka Olduvai hadi Desemba 1961. Picha ni nzuri, sina ugomvi nazo. Lakini vitabu vya aina hiyo ninavyo, na hakuna kilichonieleza watu wa pwani walikuwa wanaozana vipi, mtu alifikaje kuwa jumbe, yaani mkuu wa mji, au msafara wa kwenda bara ulianza kwa kumwendea nani. Mambo hayo nimeyakuta kwenye vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na watu walioyaishi, vingine vina zaidi ya miaka mia. Navieleza hapa kama mnunuzi aliyevitafuta kwa fedha yake.

Nianze na Desturi za Waswahili, maana ndicho kilichonishika kuliko vyote. Chapa ya kwanza ilitoka Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, na jina lililoko mbele ni la Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani huku pwani kisha akafundisha Kiswahili Berlin. Sehemu kubwa ya maandishi yenyewe, hata hivyo, ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Huko alioa Mjerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe wakoloni waliwazuia wasishuke. Alifia Berlin mwaka 1927. Nalitaja hili kwa sababu ya haki ya mwandishi, na pia kwa sababu ya mnunuzi: orodha nyingi za maktaba na za wauzaji bado zinakiweka kitabu chini ya jina la Velten, kwa hiyo ukiulizia cha Mtoro unaweza kuambiwa hakipo na kumbe kipo rafuni. Ulizia kwa majina yote mawili.

Ndani kuna maisha mazima ya mji wa pwani: mimba na uzazi, chuo cha Kurani, michezo ya watoto, jando, unyago, posa na harusi, ngoma za kila namna, pepo na waganga, maziko, safari za bara, kesi na faini. Kinachonivutia ni kwamba Mtoro hasemi tu kwamba desturi fulani ipo. Anakwambia nani analipa, analipa nini, anamlipa nani, na asipolipa inakuwaje. Sura ya harusi nilimsomea bibi yangu, mtu wa mwambao huo huo. Tulipofika kwenye kilemba cha baba na mkaja wa mama, yaani zawadi wanazopewa wazazi wa bibi harusi, alinikatiza akaanza kunieleza za kwake mwenyewe: nani alipokea, nani alinuna, na shangazi gani alisusa chakula. Mchana ule nilipata habari za ukoo ambazo hakuna aliyewahi kunisimulia, na kitabu ndicho kilichofungua mlango. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kama una mzee nyumbani, usikisome peke yako. Msomee kwa sauti, kisha nyamaza umsikilize.

Sehemu ya ujumbe, yaani cheo cha jumbe, inastahili kusomwa mara mbili. Miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, ilikuwa na ngazi zake za heshima, majumbe, mawaziri, mashaha, maakida, na kupanda ngazi hizo kulitaka karamu na ada kwa wale waliotangulia. Mtu alitumia mali nyingi kulishana na kushindana hadi watu wakubali kwamba sasa ni mkubwa. Nilipoisoma nilielewa ghafla mambo mengi ya kwenye shughuli zetu za leo, michango, sare, na yule mtu anayekasirika kwa sababu ametajwa wa tatu badala ya wa pili. Vitabu vyetu vya shule vinawataja maakida na majumbe kama vyeo vya utawala wa Mjerumani tu. Hapa unaviona vikiwa na maisha yao kabla Mjerumani hajavichukua na kuvitia kazini kwake.

Sura za utumwa ndizo ngumu, na sitaki mtu azifikie bila kujua. Mwaka 1903 utumwa ulikuwa bado halali katika koloni lile. Tanganyika ulifutwa kabisa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mtoro anaandika kama mwungwana, kwa utulivu unaochoma. Anatofautisha wazalia, yaani watumwa waliozaliwa pwani, na wajinga walioletwa karibuni kutoka bara. Anaeleza mavazi, nani aruhusiwe kuvaa kofia au viatu mbele ya nani, na namna mambo hayo yalivyoanza kulegea. Hakuna kilio wala majuto katika maelezo yake. Nilikifunga kitabu kwa muda, kisha nikarudi, maana hapo ndipo nilipoona jinsi unyonge ulivyopangwa mpaka kwenye kitambaa cha kichwani. Ukitafuta sauti ya mtumwa mwenyewe hutaipata humo, na msomaji abebe hilo akilini katika kila ukurasa wa sura hizo. Akumbuke pia kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya Mjerumani mwenye uhusiano na serikali iliyokuwa inawatawala watu ambao miaka ya 1888 na 1889 walipita katika vita vya Abushiri, vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Usitegemee mwandishi amseme mwajiri wake.

Kuhusu kitabu kama bidhaa: chapa ya 1903 imepigwa picha na inasomeka bure kwenye intaneti, lakini tahajia yake ni ya zamani na inachosha macho ya mtu aliyezoea Kiswahili cha magazeti. Baada ya kurasa kadhaa unazoea. Mimi nilinunua pia nakala iliyotolewa fotokopi kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba, ikakosa kurasa katikati ya sura ya safari, mahali penye utamu kabisa. Kagua kurasa kabla ya kutoa fedha.

Habari za Wakilindi ni kitabu cha namna nyingine kabisa. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi, na wamisionari wa Kiingereza wa Magila, Tanga, walikichapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Ni historia ya watawala wa Usambara, na inaanza na Mbega, mwindaji wa Nguu aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, yaani mtoto wa mkosi, akafukuzwa kwao. Anazunguka na mbwa wake, anaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anawagawia watu nyama, na mwisho Washambaa wanamkabidhi nchi kule Vuga, uliokuwa mji mkuu wa watawala hao. Nusu ya kwanza inasomeka kama hadithi za jioni. Nusu ya pili inabadilika: anapofika kwenye kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, na ugomvi wa ndugu uliofuata, unaona wazi kwamba mwandishi anasimulia mambo ya zama zake mwenyewe. Semboja wa Mazinde, mtoto wa Kimweri, aliyekaa bondeni kwenye njia ya biashara, bunduki zikimfikia kwa urahisi, anaibomoa nguvu ya Vuga ya milimani. Biashara ya pwani na biashara ya watu ziliigeuza siasa ya milima ile, na sijasoma mahali pengine palipoeleza kwa uwazi hivyo mtu mmoja mmoja alifanya nini.

Kasoro yake ni majina. Kila mtoto wa mfalme amepewa mji wake, na majina yanajirudia kizazi hadi kizazi. Chora ukoo kwenye karatasi tangu mwanzo, la sivyo utapotea kabla ya kufika kwa Kimweri. Kingine ni kwamba mwandishi aliishi karibu na wakubwa, na mkulima wa kawaida wa Kishambaa anaonekana humo kama mtoa kodi au mtu wa kukimbia vita. Hata hivyo, kwa mtu anayepita barabara ya Moshi na kuona vibao vya Mombo na Mazinde, kitabu hiki kinaipa milima ile uzito mwingine. Tafuta chapa ya 1962 iliyohaririwa na J.W.T. Allen, inasomeka vizuri kuliko zile za mwanzo.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, nimeyamaliza kwa shida ya moyo. Ni maisha ya mtu yaliyoelezwa na yeye mwenyewe, na wengi tumeiona nyumba yake pale Mji Mkongwe. Anahesabu pembe kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani, ukurasa baada ya ukurasa, na watu waliozibeba hawana jina. Anayetaka kuelewa Kiswahili kilifikaje Kasongo na Maniema, huko Kongo, lazima akisome. Sishauri kumpa kijana wa sekondari bila mtu mzima wa kuzungumza naye.

Vitabu vyote hivi vitatu ni vya wanaume, wakiwaeleza wanawake kutoka nje ya mlango. Unyago wa Mtoro, kwa mfano, ni unyago wa kusikia. Ndiyo maana kando yake niliweka Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert: mtoto wa kimaskini wa Fumba aliyeingia mjini Unguja, akawa mwimbaji, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert anapenda mno kutoa mafunzo, na mara nyingine unatamani amwache Siti aongee. Lakini ni kifupi, na msichana yeyote anayejua kusoma atakifuata hadi mwisho.

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, anza na Desturi. Kama asili yako ni Tanga, anza na Wakilindi. Mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kwenda kama fedha hakuna. Mimi sasa natafuta kwa karatasi kile kingine cha Velten cha 1901, Safari za Wasuaheli, ambacho nimekisoma kwenye skrini tu. Humo Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, na Selim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia, kwa Kiswahili, kabla hata reli yetu ya kati haijajengwa. Siku mchapishaji wa hapa nyumbani atakapokitoa upya kwa tahajia ya leo, nitanunua nakala yangu na ya bibi.