Pogačar au Vingegaard? Tuangalie 2024
Jana kijiweni Kinondoni tumebishana kuhusu mbio za baiskeli mpaka kahawa ikapoa, jamaa kakomaa Vingegaard wa Denmark ndo mkali kisa alimchapa Pogačar wa Slovenia kwenye Tour de France, ile mbio kubwa ya Ufaransa, ya 2022 na 2023. Sawa, simkatalii. Ila msimu wa 2024 acha utani bana, Pogačar kabeba Giro, ile mbio kubwa ya Italia, kabeba Tour, kabeba na ubingwa wa dunia kule Zurich, jumla ushindi 25, kwenye pointi za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, hakuna wa kumsogelea. Vingegaard Tour kaishia wa pili, dakika 6 na sekunde 17 nyuma. Lakini huyu Aprili alianguka vibaya Hispania, mbavu zikavunjika na pafu likaumia, halafu Julai tu hapo akampiga Pogačar sprinti kwenye hatua ya Tour iliyoishia Le Lioran, sasa hiyo jedwali la pointi litakuonyesha wapi? Mi kwa namba nampa Pogačar, kwa roho ngumu Mdenmark.