Kipachiko kilipasuka, upinde ukafyatuka mtupu: uzoefu wangu na fundi wa Section 58

Nimengoja miezi miwili kabla ya kuandika haya, maana nilitaka kwanza kuona kama matengenezo yatashika. Yameshika.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi Bahati, shambani kwa mjomba wangu, ambapo tumepanga marobota matatu ya nyasi kavu umbali wa mita 30. Nilikuwa na mpwa wangu. Upinde wangu ni wa kompaundi, yaani wenye magurudumu na kebo kwenye ncha zake, na nguvu yake ya kuvuta ni pauni 50. Mishale miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilipogusa kifyatulio, kifaa cha kuachia upote, mara ya tatu ulitoka mshindo mkavu, kama ubao wa mvule unaopasuliwa kwa shoka, na mkono wangu wa kushoto ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Mshale ulikuwa chini, karibu na viatu vyangu. Upote, yaani kamba ya upinde, ulikuwa umeruka nje ya mfereji wa kemu ya chini, lile gurudumu la kwenye ncha, na kebo moja imelegea.

"Anko, umeumia?" Sikuwa nimeumia. Lakini nilijua nilichokiona.

Wengi wetu tukisikia upinde umefyatuliwa mtupu tunafikiria mgeni aliyeuvuta kwa udadisi bila kuweka mshale. Mimi mshale niliuweka. Kilichoniangusha ni kipachiko, kile kiplastiki cha mkiani kinachouma upote. Wiki moja kabla, mshale wa mpwa wangu ulikuwa umegonga mkia wa mshale huo robotani. Niliutazama kwa macho tu, nikauona mzima, nikaurudisha kwenye podo. Kumbe kipachiko kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilipofyatua kiligawanyika vipande viwili, upote ukapita katikati, na mshale haukusukumwa na chochote.

Mtu asidhani ni jambo dogo. Unapovuta, nguvu yako inawekwa akiba katika mikono ya upinde, ile inayopinda juu na chini. Ukifyatua, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huondoka na mshale. Kama hakuna mshale wa kuibeba, inarudi yote ndani ya upinde wenyewe: mikono, kemu, ekseli, upote na kebo. Ndiyo maana hata mshale mwepesi kupita kiasi ni hatari. Kanuni tunayofuata ni greni 5 kwa kila pauni, kwa hiyo upinde kama wangu haufai kupewa mshale wa chini ya greni 250, ambazo ni gramu 16 hivi.

Jumatatu niliupeleka kwa fundi mmoja wa jua kali, mtu hodari sana wa milango na pampu. Alitaka kuibana mikono katikati kwa jiriwa ili turudishe upote mahali pake. Nilisitasita, nikaondoka nao, na nashukuru niliondoka. Upinde wa kompaundi hufunguliwa kwa presi yake maalumu inayosukuma karibu na ncha za mikono. Ukiubana katikati unaweza kuivunja ikiwa mikononi mwako, tena ikiwa imebeba mzigo.

Mlengaji mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa mtaa wa Section 58, Nakuru, fundi wa mitambo aliyestaafu, ambaye ana presi hiyo nyumbani. Nilipompigia simu hakuuliza bei ya upinde wala mwaka wake. Aliuliza, "Umeuvuta tena tangu siku ile?" Nikamwambia sijauvuta. "Vizuri, kijana wangu. Usiuvute. Usiuguse upote. Ufunge kwenye blanketi uje nao hivyo hivyo."

Ukaguzi ulichukua karibu saa mbili na alinikalisha kando yake nione kila hatua. Hapo ndipo huduma yake iliponikaa moyoni. Alianza na pamba. Alichukua kitonge cha pamba ya duka la dawa akakipitisha polepole juu ya kila mkono, mbele, nyuma na kingoni. Upinde wangu una mikono minne, miwili juu na miwili chini. Mitatu ilipita salama. Kwenye mkono wa juu wa kushoto, sentimita chache kutoka kwenye ekseli, nyuzi za pamba zilinaswa. Alimulika kwa tochi kwa pembeni nikaona mstari mweupe mfupi ndani ya faibaglasi. Nilikuwa nimeukagua upinde huo huo mezani kwangu usiku mzima na sikuona kitu.

Kisha aliuweka kwenye presi, akatoa kemu na ekseli. Ekseli alizibingirisha juu ya kipande cha kioo. Ya juu ilibingirika kimya. Ya chini ilikuwa inaruka, maana yake imepinda. Kemu zenyewe alizikagua kingo, mfereji na unyoofu, akasema zimepona. Upote ulikuwa umechanika uzi wake wa kufungia palipogusana na kemu, na kebo moja imekatika nyuzi mbili au tatu.

Nilimuuliza kama naweza kubadilisha ekseli na upote tu, niendelee na mkono wenye ufa kwa kupunguza nguvu hadi pauni 40. Alikataa katakata. Ufa wa mkono hauponi, unaongezeka kila unapovuta, na siku ukiachia kabisa upinde uko sentimita chache kutoka usoni. Akaongeza kwamba hatabadilisha mkono mmoja peke yake, maana mikono huchaguliwa kiwandani kwa ugumu unaolingana. Ukichanganya mpya na wa zamani, kemu zinaweza kuinama upande. Tuliagiza mikono yote minne.

Gharama zangu, kwa wanaotaka kujua: ukaguzi shilingi 2,500, upote na kebo 15,000, mikono na ekseli pamoja na usafiri na ushuru 38,000, kazi ya kufunga na kupima 5,000. Ni pesa nyingi. Dhamana haikunisaidia, kwa kuwa karatasi ya upinde wangu inasema wazi kwamba uharibifu wa kufyatua mtupu haumo. Aliyeniuzia alinishauri nidai umevunjika wenyewe kabatini. Sikufanya hivyo na mzee pia asingekubali.

Yapo yasiyonipendeza. Aliniambia wiki tatu, zikawa saba, na katikati nilikaa siku kumi bila kupata jibu la simu. Hatoi risiti mpaka umwombe. Bei ya ushuru ilipanda baada ya tulivyokubaliana, ingawa alinionyesha stakabadhi. Ningependa aandike makadirio kwenye karatasi tangu mwanzo, kwa faida yake na ya mteja.

Siku ya kuchukua, alipima kutoka ekseli hadi ekseli na kutoka mshikio hadi upote, akalinganisha na kibandiko cha kiwandani mbele yangu. Hakunikabidhi hapo. Alilegeza nguvu kwanza, akafyatua mishale mizito sita kwenye robota hatua tatu mbele yake, akapitisha pamba tena, akakaza, akarudia. Pamba haikunaswa.

Mwaka 2028 kule Los Angeles upinde wa kompaundi utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kwa timu za mseto za mwanamume na mwanamke, na naamini vijana wengi zaidi wa hapa watautamani. Ningefurahi mzee huyu ampate mwanafunzi wa kurithi presi yake. Kwangu mimi anastahili nyota nne kati ya tano.

Sasa kabla ya kila zamu mpwa wangu na mimi tunakunja kila kipachiko kidogo kwa kidole gumba tukisikiliza. Jumamosi iliyopita alinipa kimoja, akasema, "Anko, hiki kinalia." Tukakitoa. Upinde unasoma pauni 49 badala ya 50. Mzee anasema nikirudi baada ya mishale mia mbili, upote ukishanyooka, ataukaza. Nimefikisha mia na arobaini.