Vidonge vyangu 10, dozi moja ya shemeji

Julai, baridi ya Uyole, Mbeya, ile ya makoti mawili, homa ya mafua ilinilaza. Si mafua ya kupenga ukasahau. Mifupa iliuma mpaka nikashindwa kukamua ng'ombe. Nikapimwa, nikaandikiwa dawa. Duka la kwanza pale Mwanjelwa, kijana hakusoma hata cheti, akanisukumia antibayotiki, dawa ya bakteria. Kwa virusi? Nikaondoka.

La pili nalipatia nyota 5. Mama mfamasia aliuliza kwanza: "Homa ilianza lini, mwanangu?" Jana jioni, nikamwambia. "Basi umewahi, hazijapita saa 48." Akanipa oseltamivir, dawa ya virusi vya homa ya mafua, ya miligramu 75, kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku 5. Akaniambia nile kwanza. Mimi mbishi, cha kwanza nikakimeza tumbo tupu. Dakika chache nikawa nimeinamia beseni la kuogeshea mtoto. Vilivyofuata nilivishindilia kwa ugali, vikatulia.

Shemeji yangu yuko Japani. Naye homa hiyo ilipomshika alipewa baloxavir, dawa nyingine ya virusi hivyo, wenyewe wanaiita Xofluza: dozi moja, kwisha habari. Wivu ulinishika! Ila kwa kupunguza siku za kuumwa hizi mbili hazipishani sana, kila moja hupunguza kama siku moja hivi. Tumbo lake halikusumbuka. Tatizo ni kwamba haimezwi na maziwa, na kwangu hata chai ya kumezea dawa ni maziwa matupu.

Oseltamivir naipa 3 na nusu. Beseni mke wangu kasema ninunue jingine.