Siku tano Jambiani na krimu tatu za jua: kilichonisaidia na kilichoniangusha

Kwa miaka mingi nilikuwa nasema, "Mimi mweusi, jua litanifanya nini?" Nililisema hilo hadi safari yangu ya kwanza ya Unguja, nilipokaa juu kwenye sitaha ya boti kutoka Dar mwanzo hadi mwisho kwa sababu nilitaka kuiona bahari. Upepo ulikuwa mzuri, jua wala sikulisikia. Jioni mashavu yakawaka kama nimepakwa pilipili, siku ya tatu ngozi ya pua ikaanza kubabuka, na baada ya wiki kama mbili yakatokea mabaka meusi mashavuni. Mabaka hayo nimeishi nayo karibu miaka miwili. Kila asubuhi mbele ya kioo nilikuwa nayaona kwanza kabla ya kujiona mwenyewe.

Kwa hiyo tulipopanga kwenda Jambiani, kijiji cha ufukweni Unguja, mwishoni mwa Februari, mimi na mdogo wangu, niliamua safari hii nijiandae. Na mwalimu nilikuwa naye nyumbani. Mdogo wangu ana ualbino. Kwake kujikinga na jua ni kukinga uhai, maana tumeshazika watu tuliowafahamu kwa saratani ya ngozi iliyoanza na kidonda kidogo sikioni au shingoni. Tangu akiwa mdogo mama hakumruhusu kutoka bila kofia. Nilipomwuliza ninunue krimu gani, alinijibu, "Dada, anza na nguo. Krimu ni ya pale nguo iliposhindwa kufika." Nikamsikia kwa sikio moja, nikaenda duka la dawa kununua krimu. Tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya madini, yaani kinga yake ni oksidi ya zinki. SPF 50 (SPF ni namba ya kiwango cha kinga dhidi ya miale inayounguza), tyubu ya mililita 50, nililipa elfu 45. Uzuri wake ni kwamba haichomi macho hata kidogo. Nilitoka jasho, nikaingia majini, nikafuta uso na kanga, macho hayakuwasha. Tatizo ni rangi. Kwenye ngozi kama yangu inakaa kama majivu, na kadiri unavyoisugua ndivyo inavyogeuka zambarau. Siku ya kwanza niliipaka ipasavyo, nikaona aibu kwenda kula chakula cha mchana, nikaosha. Siku ya pili nikaipaka nyembamba ili isionekane, na hapo ndipo nilipokosea. Ile namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na hiyo ni tabaka nene kuliko wengi wetu tunavyopaka. Ukipaka nusu yake, ile 50 ya kwenye tyubu hauipati tena. Krimu ambayo unaona haya kuipaka vya kutosha, kwako haina SPF 50 hata kama karatasi inasema hivyo. Kwa mdogo wangu lakini ilikaa vizuri sana, haikuonekana kabisa, akamaliza tyubu yeye.

Ya pili ilikuwa losheni ya kemikali, chupa ya mililita 200, SPF 50, imeandikwa kwamba inastahimili maji kwa dakika 80. Hii inapotea mwilini mara moja, haina majivu, na kwa mikono na miguu sina malalamiko. Usoni nilijuta. Nilipoanza kutoka jasho, ikaingia machoni nikashindwa kuona nilipokuwa naelekea. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: gauni langu jeupe, nililolivaa juu ya losheni, lilitoka kwenye kufuliwa likiwa na madoa ya rangi ya kutu shingoni na makwapani. Nilidhani ni maji ya kisima. Kumbe ni vyote viwili kwa pamoja. Avobenzoni, moja ya viungo vinavyozuia miale ya UVA (miale ya jua inayoingia ndani ya ngozi), ikikutana na madini ya chuma yaliyomo majini huacha rangi hiyo. Kama una kanzu au gauni jeupe unalolipenda, iache losheni ikauke vizuri kwanza, au vaa rangi nyingine.

Ya tatu ndiyo iliyonifaa. Ni krimu ya uso yenye rangi ya ngozi, ya kahawia, SPF 50, mililita 50 kwa elfu 62. Nilisita sana kwa bei hiyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile rangi haikuwekwa kwa urembo tu. Inatokana na oksidi ya chuma, na oksidi hiyo inazuia hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi unachochea mabaka kama yangu. Krimu isiyo na rangi, hata ya SPF kubwa, inazuia miale ya urujuanimno (yaani UV: UVA na UVB) lakini mwanga ule huupitisha kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo dada mwenye mabaka mashavuni, au mjamzito aliyeanza kuyaona, ningemwambia atafute yenye rangi kabla ya kufikiria namba. Nilipata rangi iliyokaribiana na yangu baada ya kujaribu tatu nyuma ya mkono, nje ya duka, kwenye mwanga wa jua. Ndani ya duka, kwenye taa, zote zilionekana sawa.

Kuhusu namba zenyewe, usijitie hasara kutafuta SPF 100. SPF 15 inazuia takriban asilimia 93 ya miale ya UVB, 30 asilimia 97, na 50 asilimia 98. Kutoka 30 kwenda juu tofauti ni ndogo, na inamezwa kabisa na kupaka kidogo au kusahau kurudia. Muhimu zaidi ni kuangalia kama inazuia na UVA: herufi UVA ndani ya duara, au alama za PA zenye vijumlisha vingi. SPF inazungumzia UVB tu, ile inayounguza. UVA inaingia ndani zaidi, ndiyo inayozeesha ngozi na kuleta madoa, na haiumi, kwa hiyo huwezi kujua kama imekufikia.

Katika duka mojawapo muuzaji alinisukumia kikopo kisicho na orodha ya viungo, akisema kinakinga jua na kuondoa madoa kwa wiki moja. Nilikirudisha. Vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku Tanzania kwa sababu vinaumiza watu, na kitu kinachoahidi kung'arisha ngozi kwa siku saba bila kusema kina nini ndani sikiweki usoni pangu, hasa ninapokwenda juani.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mdogo wangu, maana siku ya tatu ndiyo iliyonifunza adabu mbele yake.

Tulikodi ngalawa kwenda kuangalia samaki kwenye mwamba. Mimi nilivaa vazi la kuogelea lililo wazi mgongoni, nikapaka ile losheni, mgongoni nikajipapasa mwenyewe mikono ilipofika. Mdogo wangu alivaa vazi la kuogelea la stara, lile la mikono mirefu na suruali lenye kofia inayofunika hadi shingo, akapaka krimu usoni, kwenye viganja kwa nyuma na kwenye nyayo kwa juu. Tukaelea kifudifudi na miwani ya mbizi kwa zaidi ya saa moja. Maji yalikuwa baridi kidogo, raha tupu, huwezi kuamini kuna jua. Lakini nusu mita chini ya maji bado inafika karibu asilimia 40 ya miale ile, na sisi tulikuwa juu kabisa ya maji, mgongo ukiangalia mbingu. Usiku sikulalia mgongo. Nyuma ya mapaja na nyuma ya magoti, ambako sikupaka kabisa, palivimba. Mdogo wangu, ambaye ngozi yake haina kinga hata kidogo, alitoka kama alivyoingia.

Asubuhi yake nikakaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kuondoka nyumbani. Mtu mzima anahitaji kama mililita 30 kufunika mwili mzima mara moja. Unatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili, na kila unapotoka majini na kujifuta. Ukikaa ufukweni kutwa, mara nne, hiyo ni mililita 120 kwa siku kwa mtu mmoja. Chupa yangu ya 200, niliyodhani itatosha siku tano na chenji ibaki, haifiki siku mbili. Kile kityubu cha elfu 45 hakimalizi hata nusu ya siku. Familia ya watu wanne haiwezi hesabu hiyo, na ndiyo maana tunapaka kidogo kidogo halafu tunasema krimu haifanyi kazi. Ukijifunika nguo hadi viganjani na vifundoni, unabaki na uso, masikio, shingo na miguu kwa juu. Hapo mililita 50 zinaenda mbali.

Jambiani wanalijua hili bila kuambiwa na mtu. Kwa siku zile ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na upande huu wa Unguja bamvua huleta maji kupwa mnamo saa nne asubuhi, wakati jua linaanza kuwa kali. Bahari inarudi mbali hadi unaona mchanga tu na vijiti vya mashamba ya mwani. Kinamama wakulima wa mwani wanashuka saa hizo hizo, hawana hiari, maana shamba lao linaonekana maji yanapokupwa. Niliwaangalia: gauni refu, suruali ndani, mikono mirefu, kanga kichwani, na juu yake pama au kofia ya ukili. Wanainama kwa saa kadhaa, jua juu na mwanga unaopigwa na maji ukitokea chini. Mmoja, mama wa makamo, alimwita mdogo wangu "mwanangu" akamwambia, "Wewe unavaa kama sisi." Mdogo wangu alilibeba neno hilo siku nzima.

Niseme kitu kuhusu jua lenyewe. Jambiani iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa. Siku zetu zilikuwa karibu na hapo. Saa sita na nusu nilisimama mchangani nikatafuta kivuli changu, kikawa duara dogo miguuni. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni la kukimbia. Na mwavuli wa ufukweni peke yake hautoshi, kwani mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya miale, na povu la bahari asilimia 25. Nilikaa chini ya mwavuli, pua ikapata joto kutoka chini. Mkungu wenye majani mengi ulitufaa zaidi, tukahamia huko kuanzia saa tano hadi saa tisa na nusu, tukala pweza na kulala kwenye mkeka. Hizo zikawa saa nzuri kuliko zote za safari.

Siku ya nne nilinunua fulana ya kuogelea ya mikono mirefu yenye alama ya UPF 50, maana yake inapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya miale. Elfu 38 dukani Paje. Sijutii hata senti. Fulana ya pamba nyeupe ya kawaida ikilowa inapitisha zaidi, na ukiiinua mbele ya jua ukaona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linakuona. Kanga ya uzi mzito iliyokunjwa mara mbili ilinisaidia mabegani tukitembea kijijini, na huko kufunika mabega na magoti ni heshima pia.

Miwani nayo. Mdogo wangu macho yake hayavumilii mwanga, kwa hiyo hapo hana mchezo: anatafuta maandishi ya UV400, yaani kioo kinachozuia miale ya UV, na fremu inayoziba pembeni. Weusi wa kioo hauna maana kama hauzuii miale, tena unafungua mboni na kuingiza zaidi.

Yeye mafuta yake ya kila siku ya kujikinga na jua ni Kilisun, yanayotengenezwa Moshi, mradi ulioanzia pale hospitali ya KCMC na mfamasia Mhispania Mafalda Soto, mahususi kwa watu wenye ualbino, nao huyapata bure kliniki. Aliniambia nijaribu. Nilikataa. Kikopo kile ni dawa yake ya miezi ijayo, na mimi nina uwezo wa kwenda dukani.

Kuhusu matumbawe, tulisoma viungo kabla ya kununua na kuacha krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati, viungo vinavyoshukiwa kuyadhuru. Hawaii ilizuia kuuza krimu zenye viungo hivyo viwili kuanzia Januari 2021, na Palau ilitangulia mwaka 2020. Wanasayansi bado wanajadiliana ni kiasi gani kinachodhuru baharini. Mimi nimeona samaki wa ule mwamba kwa macho yangu, na fulana ya mikono mirefu haiachi chochote majini.

Ile ya rangi ya kahawia ninaipaka hadi leo nikienda kazini, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Mabaka hayajaongezeka. Desemba tunakwenda Pangani, safari hii na mama. Nimeshamnunulia fulana yake, na pama yenye kamba ya kufunga kidevuni.